Umeanguka Wapi

Mjini Isiolo, miaka ile ya sabini, ilikuwa vigumu kumpata mtu ambaye hajashonwa na Dresa. Mimi alinishona kisigino nilipokanyaga kipande cha chupa. Mume wangu alimshona kidole kilichobanwa na mlango wa lori. Mwanangu Halake alimshona kidevu mara mbili kabla hajaanza shule, na mara ya pili mtoto alienda mwenyewe, akaketi kwenye benchi, akainua kidevu. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia; tulimwita kwa kazi yake ya kushona na kufunga vidonda. Alikozaliwa na ukoo wake sitakuambia, maana hakuna aliyeuliza. Sisi tulimkuta amevaa koti jeupe kwenye zahanati iliyo kati ya mtaa wetu wa Bulla Pesa na mtaa wa Wabera, na kwetu hapo ndipo alipoanzia.

Watu wakimkumbuka siku hizi humsifu tu. Wana haki. Mimi pia nitamsifu, tena nitaanza na sifa, ili nikifika kwenye hayo mengine usiseme huyu mama ana chuki zake. Chuki ninayo. Lakini nimeipima kama ninavyopima kitambaa, na urefu wake naujua.

Kwanza mikono yake. Mimi ni fundi wa cherehani, nimeketi kwenye baraza ya duka moja miaka zaidi ya thelathini, na mshono nikiuona naujua. Wa Dresa ulikuwa mshono wa mtu asiyeharibu. Alishona karibu karibu, hatua sawa, akikaza kidogo na kulegeza kidogo, hata kovu likishakauka ungelitafuta kwa kidole. Kabla ya kumgusa mtu alinawa mpaka viwiko, huku akiimba wimbo wa kanisani, ubeti mzima, na ubeti usipoisha hakushika sindano hata kama damu inatiririka. Ukimwambia aharakishe alikujibu, “Uchafu hauna haraka, mama. Unangoja tu.”

Jioni akipita barazani kwangu alisimama kuangalia kazi. “Mama Halake, hii mshono yako imekimbia.”

“Wangu hawalii nikiwadunga, Daktari. Wako wanalia.”

Basi alicheka, mkono mdomoni, kwa sababu alikuwa na pengo mbele na alilionea haya. Zawadi hakupokea. Mzee mmoja alitembea siku mbili kutoka Oldonyiro akivuta mbuzi wa kumshukuru, na Dresa akamwangalia miguu, akamwambia ampeleke huyo mbuzi sokoni anunue viatu, kwa maana kilichomleta zahanati mara ya kwanza ilikuwa miiba. Mzee alikasirika sana. Alirudi na viatu.

Kila mtu alimsalimia kwa lugha yake: ejok kwa Mturkana, nagaa kwetu Waborana, salaam aleikum kwa Msomali, muga kwa Mmeru mwenzake. Alikuwa na misemo yake miwili. Wa kwanza: “Kidonda hakina kabila.” Wa pili: “Mkono wa dresa hauna mdomo.” Huo wa pili nitakuambia ulikotoka, maana ulikuwa msemo mzuri ulipozaliwa.

Palikuwa na wizi wa ng'ombe, kama ulivyokuwa ukitokea, na watu wakaumizana. Wakaletwa wawili siku moja, mmoja wa mkuki na mmoja wa risasi, kila mmoja ametoka upande wake. Benchi lilikuwa moja. Dresa akawaketisha wote wawili, akawashona mmoja baada ya mwingine, na nje ndugu za huyu na ndugu za yule wanaangaliana kwa macho mekundu. Askari wakaja na daftari kuuliza nani amemfanya nini nani. Dresa hakuinua kichwa. Akasema, “Mkono wa dresa hauna mdomo. Ngojeni nimalize, muwaulize wenye midomo.” Angetaja jina moja tu siku ile, benchi lile lisingekaliwa tena na nusu ya mji, na watu wangefia manyattani na vidonda vyao. Nilimpenda kwa neno hilo. Nililirudia nyumbani kwa mume wangu, tukalisifu pamoja kwenye chai.

Ubaya wa neno zuri ni kwamba mtu akilizoea hulipeleka kila mahali.

Zahanati alikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada la kijani, na kila aliyeshonwa aliandikwa humo: jina, mahali pa jeraha, sababu. Mwanamume akiingia na damu, Dresa alimuuliza, “Umefanya nini?” Mtoto alimuuliza, “Nini imekukata?” Mwanamke alimuuliza, “Umeanguka wapi?”

Sikiliza hilo swali vizuri. Hakuuliza kama ameanguka. Kuanguka alishamwangusha yeye, kilichobaki ni mwanamke kutaja mahali. Nao walitaja. Kwa mlango. Kwa choo. Kwa jiko. Alilijua hilo swali kwa lugha nne na aliliuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayekufungulia mlango upite, na kitabu kikajaa. Isiolo ni tambarare kama sinia. Unaweza kusukuma mkokoteni kutoka Wabera mpaka kwetu bila kukaza mgongo. Mimi sijui wanawake wa mji huu walipata wapi pa kuangukia namna hiyo, wakaangukia jicho, wakaangukia mbavu, wakaangukia meno, na waume zao wanapita mlango uleule kila siku wasijikwae hata mara moja.

Na mimi nilijua. Nani hakujua? Tulikuwa tukikutana kwenye bomba la maji, mtu ana uvimbe, tunamuuliza habari ya watoto.

Kisha kikaja kipindupindu. Sisi karantini tuliijua ya ng'ombe. Ugonjwa wa kwato ukiingia, soko linafungwa, mifugo haivuki, wafanyabiashara wanakaa wakitafuna miraa na kulalamika. Tulipoambiwa sasa karantini ni ya watu, kuna waliocheka. Kicheko kiliisha kesho yake. Kamba zilifungwa kwenye barabara ya Meru na kwenye barabara ya Marsabit, na baadaye zikafungwa hata kati ya mtaa na mtaa, askari amesimama kila kamba. Soko likafungwa, hoteli zikafungwa, msikitini na kanisani watu wakaambiwa waswali na kusali nyumbani. Ukitaka kuvuka kamba uwe na chiti cha zahanati, na chiti kilitoka kwa mkono mmoja tu, wa Dresa.

Wanaume waliozoea kutoka alfajiri na kurudi magharibi wakajikuta ndani mchana kutwa, chumba kimoja cha ploti ya kupanga, mabati juu, jua, watoto, na mke mbele yao. Majirani wakaanza kusikia. Ukuta wa ploti ni wa mbao na udongo, hausitiri kitu. Waliosikia walisema, “Ni karantini,” kama vile karantini ina mikono.

Mume wangu alikuwa amekwama Nanyuki na lori. Juma la pili Halake akaanza kuhara, na kabla ya adhuhuri macho yake yalikuwa yameingia ndani, akawa mtoto nisiyemfahamu. Dresa alikuja mwenyewe. Alikuwa hajalala sijui siku ngapi, ndevu zimeota, koti lina madoa. Alimbeba Halake mgongoni, akavuka naye kamba mpaka zahanati, mimi nyuma nakimbia. Ndani hapakuwa na nafasi, kwa hiyo alimlaza mkekani kwenye baraza ya zahanati, akamtafuta mshipa kwenye mkono ule mwembamba, akaupata mara ya tatu, akatundika chupa ya dripu kwenye msumari. Siku zile alikuwa akilala kwenye stoo ya dawa, juu ya magunia. Alichemsha maji kwa mapipa. Aliwabeba watu wazima mgongoni, wanaume wakubwa kumliko, wakimchafua, na hakumwachia mwingine kazi hiyo. Watu wengi wa Bulla Pesa wanatembea leo kwa sababu ya mgongo wa mtu yule, na mwanangu ni mmoja wao. Nimesema nitamsifu, nimemsifu.

Nilikaa pale barazani siku tatu, mkono wangu kwenye kichwa cha Halake, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya niliona. Askari wa kamba walipitisha watu wa namna mbili bila chiti: anayehara na anayetoka damu. Wanaohara walikuwa wa kila aina, wakubwa kwa wadogo. Wanaotoka damu, ukimwondoa mtoto mmoja aliyekatwa na bati na mzee mmoja aliyejikata na shoka, walikuwa wanawake. Wanne siku ya kwanza. Nikaacha kuhesabu. Wote walipita mbele yangu, wote waliulizwa swali lile, na wote walitaja mahali.

Siku ya tatu akaletwa Talaso.

Talaso ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa ameolewa Wabera na mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu msafi, anayetoa salamu vizuri. Kabla ya karantini alimpiga? Alimpiga. Sitamsingizia kipindupindu. Lakini zamani alikuwa na soko la kwenda, na Talaso alikuwa na njia ya kuja kwangu akae siku mbili, hasira ipoe. Sasa kamba ilikuwa imefungwa katikati yetu. Alikuwa ameshashonwa mara mbili kabla ya siku ile, kichwani na begani, na mimi sikuwa na habari. Siku hiyo uso ulikuwa umefunikwa na leso, na leso ilikuwa imelowa damu.

Dresa alinawa. Aliimba ubeti wake. Akamkalisha Talaso hatua tatu kutoka nilipokuwa, akafungua kitabu.

“Umeanguka wapi, mama?”

“Sikuanguka,” Talaso akasema.

Dresa akatia uzi kwenye sindano. Nilimwona akiulamba, akiupitisha. “Umeanguka wapi?”

“Daktari, mimi sikuanguka. Nimepigwa. Amenipiga na mguu wa kiti.”

Dresa akanitupia jicho, akaliondoa. “Sawa,” akasema kwa upole, “nimeuliza tu wapi.” Talaso hakujibu tena. Basi Dresa akaandika mwenyewe. Baadaye niliona alichoandika: *Ameanguka.* Mahali hakuweka.

Alimshona. Alipomaliza Talaso akamwomba kitu kimoja, chiti avuke kamba aende kwangu Bulla Pesa. Nyumba ilikuwa tupu, ufunguo nilikuwa nao hapa kiunoni. Dresa akasema chiti ni ya wagonjwa, na mtu akitoka mtaa huu kuingia ule anaweza kubeba ugonjwa, na sheria ni sheria. Akamwandikia chiti cha kurudi Wabera.

Na mimi? Utaniuliza mimi nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nimeketi. Dresa alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika kalamu na wa pili unageuza chupa ya mwanangu iliyokuwa inakaribia kuisha, na sikufungua mdomo. Niliogopa akinikasirikia chupa nyingine haitatundikwa. Sasa najua asingefanya hivyo kamwe, hakuwa mtu wa namna hiyo. Lakini niliogopa, na mdogo wangu alinipita, jicho moja lililobaki wazi likanitazama, akarudi kwa yule mtu na chiti mkononi.

Sasa nikueleze habari ya nyuzi. Kwa sababu zahanati ilifurika, Dresa alitangaza kwamba nyuzi zitolewe nyumbani baada ya wiki, na upande wetu wa mtaa waliniletea mimi, kwa kuwa nina mkasi mdogo mkali na mkono usiotetemeka. Nilichemsha mkasi kama alivyotufundisha, nikatoa. Mtoto wa bati, uzi mweupe. Mzee wa shoka, uzi mweupe. Mama wa chumba cha mwisho aliyeanguka mlangoni, uzi mweusi. Jirani yetu Mturkana aliyeangukia jiko, mweusi. Mwingine, mweusi. Fundi haachi kuangalia uzi. Mwanzoni nilidhani mweupe umemwishia, halafu akaja kijana aliyeumwa na mbwa, ameshonwa baada yao wote, mweupe. Nikaelewa. Dresa alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa anatuandika sisi wanawake kwenye ngozi kwa rangi yake mwenyewe.

Kamba zilipokatwa, Talaso alikuwa kwangu kabla askari hajamaliza kuzikunja. Nilimtoa nyuzi juu ya jicho, saba, nyeusi. Jicho lenyewe halikufunguka tena mpaka leo. Nyuzi zile sikuzitupa. Nilizitia kwenye kopo la vifungo.

Nilisema, basi, safari hii tuna ushahidi. Talaso alitaka talaka, mume hakutaka kuitoa, likaenda kwa wazee. Walikaa watano kwenye baraza ya mmoja wao, Wabera, Dresa akaitwa na kitabu chake. Akakisoma kwa ile sauti yake. Ameanguka mlangoni. Ameanguka chooni. Ameanguka. Shemeji akainua mikono kuonyesha ni safi.

Nikasimama, nikamwaga kopo mbele yao. Nikasema, “Wazee wangu, uzi mweupe ni wa walioumia. Huu mweusi ni wa waliopigwa. Muulizeni mwenyewe.”

Wakacheka kidogo. Mkubwa wao akamgeukia. “Daktari, ni kweli?”

Mimi nilimtazama Dresa. Talaso alimtazama. Alikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na maisha ya mtu yalikuwa yamening'inia hapo. Aliangalia viatu vyake. Akasema, “Ni uzi uliokuwa karibu.” Kisha, kana kwamba hilo halijatosha, akaongeza, “Mkono wa dresa hauna mdomo, wazee.” Nao wakatikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu wote walilijua neno hilo na wote walilipenda.

Mzee mkubwa akafunga shauri. Akasema tusiwahukumu wanaume kwa mambo ya karantini, kwani hata dume likifungiwa zizini siku nyingi hupiga pembe. Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko inavyopasa mbele ya wazee, “Mzee, wewe ni mfugaji. Dume linalotoboa wenzake unalifanyaje? Unamrudisha mtamba humo humo zizini? Si unalitenga? Si unalikata pembe?” Akaniambia nikae. Uamuzi: Talaso arudi nyumbani, na mume amnunulie leso mbili.

Leso mbili, jicho moja.

Baada ya siku ile Dresa akawa akipita ng'ambo ya barabara. Mimi sikumwacha. Nilimpigia sauti kutoka kwenye cherehani, mbele ya wateja, “Daktari, umeanguka wapi leo?” Watu walidhani ni utani wetu wa kawaida. Yeye alijua. Aliinua kofia akaenda zake. Hivyo miaka kumi na zaidi. Aliendelea kushona vizuri, aliendelea kukataa mbuzi, aliendelea kuuliza swali lilelile. Na Talaso aliendelea kukaa Wabera, akazaa wengine wawili, akajifunza kugeuza kichwa chote akitaka kuona upande wa kushoto. Nikimwendea alinipikia chai, na hatukulizungumza.

Miaka ya themanini ilikuwa imefika katikati Dresa alipostaafu. Watu wa mji wakapanga mkutano wa kumshukuru, kwenye uwanja wa shule, na wengi walitaka asimulie ya kipindupindu. Juma moja kabla akaja barazani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ya wazee. Fundi aliyekuwa akimshonea alikuwa amesafiri. Alikuwa amekonda, miwani minene, na mkononi alikuwa na lile koti jeupe. Mfuko umechanika na pindo limeachia.

“Mama Halake. Naomba unishonee. Nataka kuvaa hii siku hiyo.”

“Lete,” nikamwambia. “Uje Alhamisi.”

Nililishona vizuri. Mungu ni shahidi, sijawahi kushona nguo ya mtu vizuri hivyo: mfuko, pindo lote, na vifungo nikavikaza upya. Hatua sawa, karibu karibu. Uzi mweusi.

Alhamisi akaja mchana. Nikamkabidhi likiwa limekunjwa. Akalikunjua, akatoka nalo kwenye mwanga, akalisogeza mpaka karibu ligonge miwani. Alipitisha kidole kwenye pindo, taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

“Hii ni uzi gani, Mama Halake?”

“Ni uzi uliokuwa karibu, Daktari.”

Aliketi kwenye stuli ya wateja, koti magotini. Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani ili asidhani namngojea.

“Ningeandika amepigwa,” akasema mwishowe, “ingekuwa polisi, na fomu, na kuitwa kortini. Na wanaume wangejua. Mara ya pili asingeletwa kwangu. Angeachwa atoke damu ndani. Mimi nilifikiri afadhali waje.”

Nikanyamazisha cherehani. Hilo neno nimeligeuza miaka mingi na sitadanganya, lina uzito. Huenda kuna mama aliye hai leo kwa sababu Dresa alimwangusha kitabuni. Lakini nikamuuliza, “Na siku ya wazee? Siku ile alikuwa ameshakuja. Alikuwa ameshashonwa. Ulikuwa unamwogopea nani siku ile?”

Alilikunja koti, akalikunjua tena.

“Na uzi ulikuwa wa nini, kama hukutaka kusema?”

“Nilitaka Mungu aone kwamba nilijua.”

“Mungu hahitaji uzi, Daktari. Wazee ndio walihitaji.”

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, “Jumamosi nitasema kwa mkutano.”

“Jumamosi watakupigia makofi hata ukikohoa. Andika leo. Hapa.” Nikamsukumia daftari langu la vipimo na kalamu ya risasi. Akaiangalia ile kalamu, akatoa yake ya wino mfukoni, na akaandika, polepole, chini ya vipimo vya kifua na kiuno cha bibi harusi wa mtu. Aliandika kwamba yeye aliyekuwa dresa alimshona Talaso mara tatu wakati wa karantini. Kwamba hakuanguka. Kwamba alipigwa, na alisema amepigwa, naye hakuandika alivyosema. Akatia sahihi.

Nilidhani amemaliza. Akafungua ukurasa mwingine. Akaandika jina la yule mama wa chumba cha mwisho. Akaandika jina la jirani yetu Mturkana. Akaendelea, jina baada ya jina, jeraha baada ya jeraha, wengine walikuwa wameshakufa, wengine wamehama Isiolo zamani, ukurasa wa tatu, wa nne, mpaka muadhini akaita alasiri. Hakusita hata mahali pamoja. Alikuwa anawakumbuka wote. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kuliko kitabu, kuliko leso mbili, kwamba wote walikuwemo ndani yake miaka yote hiyo, wamepangwa, wasafi, na yeye anapita ng'ambo ya barabara na kofia yake. Alipoinuka sikumsindikiza. Sikumdai pesa ya ushonaji wala sikumsamehe.

Jumamosi alivaa koti lile. Alisimama mbele ya watu na nyuzi nyeusi zinaonekana mpaka nyuma ya uwanja, na kuna wanawake waliozitazama sana, nami niliwaona. Akasema maneno machache ya asante, akakaa. Walipopiga makofi nilipiga pia, kwa ajili ya Halake.

Wazee walikaa juma lililofuata. Wawili kati ya wale watano walikuwa wamefariki, lakini yule mkubwa alikuwepo bado, na daftari likasomwa mbele yake, na Talaso akapata talaka yake kabla chai haijapoa. Mzee akanirudishia daftari. Akaniuliza, tena aliuliza kwa dhati, “Mama Halake, mbona hamkuleta hii mapema?”

Lakini kabla ya mkutano na kabla ya wazee, Alhamisi ileile, nilifunga duka mapema nikaenda Wabera na daftari chini ya buibui. Mume hakuwepo. Talaso alikuwa ameketi uani na sinia ya mchele, anachagua mawe, kichwa kimegeuka upande ili jicho lione. Kusoma hajui. Nikamwambia Dresa ameandika. Hakuuliza ni Dresa gani. Nikamsomea yote, mwanzo mpaka sahihi, kisha nikarudi kwenye neno moja. Nikasoma, “Hakuanguka.”

Talaso aliokota jiwe dogo, akalitupa pembeni.

“Si nilimwambia,” akasema.